Kifurushi cha Ng'ambo na Heshima ya Chakula Chetu

Katika mila zetu, mgeni haagwi mikono mitupu. Hufungiwa kuku, au kibaba cha mchele, au mkungu wa ndizi, ili afikapo kwao watu wa nyumbani wajue kwamba alikotoka kuna watu. Desturi hiyo haikufa, bali imebadili njia tu. Leo walimu na wanafunzi wetu wana marafiki katika shule za Ujerumani, Uingereza na Japani, na wengi wetu tuna ndugu wanaosoma au kufanya kazi huko. Sikukuu zikaribiapo, huwafungia kifurushi na kukipeleka posta. Sisi tunasema kwamba kifurushi hicho ni jambo la utamaduni wa taifa, na kwamba wengi wetu tunakifunga kwa aibu.

Tazameni yaliyomo. Biskuti za kopo zilizotengenezwa ng'ambo. Peremende za dukani zenye maandishi ya kigeni. Chokoleti ya Ulaya, ambayo kakao yake pengine ilitoka mashamba ya Kyela, inanunuliwa kwa bei ya juu na kurudishwa Ulaya kwa gharama yetu! Ukimwuliza mtumaji sababu, atajibu kwamba anaogopa kuchekwa. Hiyo ndiyo kasumba. Mwanafunzi wa Bukoba hula senene kwao wakati wa likizo, lakini akifika katika bweni la mbali hukana kwamba anawajua. Mtu wa namna hiyo atamtumia nini rafiki yake?

Wanaotupinga wana hoja tatu, nasi tutazijibu moja baada ya nyingine.

Kwanza, wanasema kwamba vyakula vyetu ni vya kishamba, havina ufundi. La hasha. Buni za Bukoba huchumwa, huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha hukaushwa, ndipo mgeni akapewa atafune. Wahaya walikuwa na heshima hiyo ya kahawa kabla ya mmisionari yeyote kupanda mche wa kahawa Kilimanjaro. Usukumani, mama akikata viazi vitamu vibichi na kuvianika, hupata michembe. Akivichemsha kwanza, ndipo akavikata na kuvianika, hupata matobolwa. Kiazi ni kimoja, lakini ufundi ni wa namna mbili, na majina ni mawili. Ufundi huo umewavusha watu katika miezi ya njaa pasipo kopo wala barafu. Halua ya Zanzibar hukorogwa mfululizo juu ya moto, wanga, sukari, samli na hiliki, mpaka mkono uchoke, na huliwa pamoja na kahawa chungu. Asali ya Tabora hutoka katika mizinga iliyotundikwa kwenye misitu ya miombo, na anayetundika mzinga hujua mti gani huchanua mwezi gani. Kama huo si ufundi, basi ufundi ni nini?

Pili, wanasema kwamba vitu hivyo si vyetu hasa. Mkorosho ulitoka Brazili ukaletwa na Wareno. Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, nao ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Hayo ni kweli. Lakini mnyanya nao ulitoka Amerika, na Mwitaliano hasiti kuuita mchuzi wake wa nyanya kuwa ni wa kwao. Mwingereza halimi majani yote ya chai anayokunywa, wala haoni haya kujisifia chai yake. Kitu huwa cha watu kwa jasho walilokitolea, kwa namna wanavyokiandaa, na kwa jina wanalokiita.

Tatu, wanatukumbusha methali kwamba kizuri chajiuza. Tunaiheshimu methali hiyo, lakini korosho imeikanusha. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya korosho za Mtwara na Lindi imesafirishwa ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam kubanguliwa. Kutoka huko huenda madukani ikiwa katika pakiti ya watu wengine, na mlaji huisifu nchi isiyoilima. Kizuri hicho kimeuzwa, ila jina letu halikuuzwa nacho. Kinyume chake, Wajapani kwa miaka mingi wameinunua arabika yetu kwa jina la Kilimanjaro, hata ile iliyolimwa mbali na mlima huo. Jina likitangulia, bidhaa hupata heshima. Kifurushi kimoja hakiwezi kufanya kazi ya kiwanda, wala hatudai hivyo. Lakini rafiki aliyekula korosho iliyobanguliwa na kukaangwa Mtwara, akasoma neno Mtwara kwa macho yake, hatadanganyika tena kirahisi.

Kwa hiyo hatutoshelezwi na kufunga tu. Katika fomu ya forodha, mtumaji hutakiwa kueleza kilichomo. Wengi wetu huandika "zawadi" au "vyakula" basi, kana kwamba tunaficha kitu. Tuandike jina kamili la Kiswahili: ubuyu, kashata, visheti, matobolwa, na maelezo katika lugha ya huko yafuate nyuma yake, yasilifute. Ndani tuweke karatasi yenye kueleza nani hukiandaa, wapi, na kinaliwaje. Tuzingatie pia sheria za mpokeaji, maana nchi nyingi huzuia nyama, maziwa, mbegu mbichi, na pengine hata asali. Mwenye kukiheshimu chakula chake hakitumi kikatupwe jalalani na maofisa wa forodha.

Hapa ndipo tunapowageukia walimu. Mwanafunzi hawezi kuandika karatasi hiyo kama hajui, na hofu yetu kubwa ni kwamba hajui. Wapo vijana waliomaliza kidato cha nne wakiwa na uwezo wa kutaja mazao ya Kanada, lakini hawawezi kutofautisha michembe na matobolwa. Bibi aliye na elimu hiyo anazeeka, na hatahojiwa na mtu yeyote ila mjukuu wake. Mwalimu awatume wanafunzi wakaulize, waandike, wapime, na warudi na kitu mkononi. Ndipo darasa lifunge kifurushi chake. Hilo ni somo la jiografia, la Kiswahili na la uraia kwa pamoja, na halihitaji fedha nyingi.

Mwacha mila ni mtumwa. Anayemtumia rafiki kile asichokila yeye mwenyewe, na kukificha kile alichokulia, amekwisha kukubali utumwa huo kwa hiari yake. Tutume tunachokila, na tukiite kwa jina lake.