Mizani Haijui Mafuta Wala Maji

Lori linapopanda mizani ya Webuye likielekea Malaba, mpimaji hupata uzito peke yake. Mizani haimwambii kama limebeba saruji au pamba. Nawe msomaji wa Busia au Malaba, uliyeanza mazoezi na sasa wataka kuyaacha kwa kuwa kilo zimekataa kushuka, hali yako ni hiyo hiyo.

Hebu tupige hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kilokalori 7,700. Mtu wa kilo 75 akitembea upesi kwa saa nzima hutumia karibu kilokalori 275. Yaani atembee kila siku kwa wiki nne, bila kuongeza chakula, ndipo apunguze kilo moja. Kwa wiki ni robo kilo tu. Na ile chupa ya maji ya nusu lita uliyokunywa kabla ya kupimwa na kijana wa mizani kando ya barabara ina nusu kilo! Robo yako itaonekana wapi?

Isitoshe, misuli isiyozoea kazi huvimba kidogo na kushika maji siku za kwanza. Pia hujiwekea akiba ya sukari, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na gramu tatu hivi za maji. Kina mama nao aghalabu huongezeka maji karibu na hedhi. Basi mafuta yaweza kupungua huku mshale ukipanda.

Kwa maoni yangu, utepe wa fundi cherehani ni mwaminifu zaidi. Pima kiuno kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukisha kutoa pumzi, kila wiki mbili. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, hatari ya maradhi huongezeka kiuno kikizidi sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke.

Lakini ikiwa miezi miwili imepita na mshipi ungali kwenye tundu lile lile, usiilaumu mizani, tazama sahani. Chapati mbili zatosha kurudisha yote uliyotumia kwa saa ile. Boda boda za baiskeli, zilizoanzia mpakani Busia miaka ya 1960, nyingi zimeipisha pikipiki. Mwendeshaji siku hizi hukaa kutwa kama karani wa forodha, ila hula kama aliyenyonga baiskeli.

Nao wanaokimbia wamejifunga nailoni tumboni hupoteza jasho tu. Wakinywa maji, uzito umerudi.

Uzito ukishuka mbio bila jitihada yoyote, pamoja na kiu nyingi au kikohozi kisichoisha, usishangilie. Nenda ukapimwe kisukari na kifua kikuu.