Wanafunzi wa afya wakuje wasomee mu vumbi yetu



Ku Chuo Kikuu cha Lubumbashi kuko École de Santé Publique, na hapa Lualaba vijana wengi wanasomea mambo ya afya. Afya ya umma si kazi ya kupiga sindano. Ni kuzuia ugonjwa mbele ufike ku lopitali: kujua unatokea wapi, unashika nani, na kufundisha watu namna ya kujikinga. Sisi wa sendika tunauliza: vijana hao wanafundishwa wapi? Kama ni paka mu auditoire, na syllabus ya kukariri, watapata diploma lakini hawatajua ugonjwa wa Kolwezi.

Kutoka nje kunawezekana. Mu Kasulo, mwaka 2014, watu walikuta cobalt chini ya nyumba, wakaanza kuchimba mu malupango. Wachunguzi wa Lubumbashi, kati yao Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walikuja kupima vumbi ya nyumba na mukojo ya wakaaji. Mwaka 2018 walitangaza: watu wa Kasulo walikuwa na cobalt mingi mu mwili kupita watu wa quartier isiyo na machimbo, na watoto ndio waliozidi. Mwaka 2020 uchunguzi mwingine, ku Lubumbashi, ulionyesha kwamba mutoto mwenye baba wa kazi ya mugodi alikuwa na hatari zaidi ya kuzaliwa na kilema.

Maneno hayo yanatuhusu sisi, lakini yaliandikwa kwa Kiingereza. Mama wa Kasulo atayasoma wapi? Hapo njo kazi ya mwanafunzi inaanzia.

Wengine watasema: makampuni yako na wanganga wao. Ndiyo. Lakini munganga wa kampuni anapima mufanyakazi, hapimi bibi anayefua salopete yake, wala mutoto anayelala karibu na mifuko ya majiwe. Tena vumbi ya majiwe inaweza kukaa mu mapafu miaka kumi na zaidi mbele kikohozi kionekane. Wakati huo kandarasi ya sous-traitant imekwisha zamani. Mugonjwa anatibiwa kifua kikuu, kumbe pengine ni silikosi, ao yote mbili pamoja, juu mwenye silikosi anashikwa na kifua kikuu kwa urahisi. Kama mwanafunzi hakufundishwa kuuliza «Baba, ulifanya kazi gani mbele?», hatajua kitu.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu.

Kwanza, kila mwanafunzi wa afya ya umma afanye stage mu Kasulo, Musonoi, Kapata ao Luilu. Si siku moja ya kupiga picha, ni miezi.

Pili, asikilize mbele ya kufundisha. Muzee aliyefanya foreuse anajua vumbi inatokea wapi. Mama anayeosha madini mu mutoni anajua maji yanabadilika wakati gani. Kubandika affiche ya «Nawa mikono» pale watu wanauzia maji kwa bidon si mafundisho, ni matusi.

Tatu, mwenye kuchukua mukojo na damu yetu arudishe majibu, kwa Kiswahili, mu quartier ileile, mbele ya kutetea mémoire yake.

Feza? Code minier ya 2018 inaomba kampuni itoe 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Wajumbe wetu waombe sehemu ndogo ilipe usafiri na malazi ya wanafunzi hao. Mashule na visima tunavitaka, lakini na watu wa kutuambia maji ya kisima iko namna gani tunawataka pia.

Na sisi tufanye yetu. Mwanafunzi akigonga ku lupango, tusimufukuze wala kumudai franga. Tumupe kiti, tumuambie ukweli. Kisha tumuulize: majibu utatuletea siku gani?