Msomi si lazima awe mhadhiri



Kuna ugonjwa umeingia katika familia zetu, na tumeuzoea hata hatuuoni tena kuwa ni ugonjwa. Kijana akimaliza shahada ya uzamili au uzamivu katika masomo ya Kiislamu, iwe Mbale, Cairo au Madina, nyumba nzima huuliza swali moja tu: chuo kikuu gani kimemchukua? Akipata kuhadhiri, huambiwa amefaulu. Akienda benki, mahakamani au sokoni, watu hunong'ona kuwa elimu yake imepotea bure. Sisi tunasema maneno hayo ni dhulma, nayo yanawaumiza vijana na umma mzima.

Tutazame hesabu. Profesa mmoja husimamia wanafunzi wengi mpaka anapostaafu. Siku akistaafu, huacha kiti kimoja. Hao wengine waende wapi? Wapo wanaozunguka vyuo vitatu wakilipwa kwa kipindi. Likizo ikifika hawana kitu, ndoa inaahirishwa mwaka hadi mwaka, na mzazi aliyeuza ng'ombe ili mwanawe asome bado anasubiri. Je, huko ndiko kuitukuza elimu?

Fikra hii haikutoka kwa wema waliotangulia. Nabii Daud (a.s.) alikuwa mfalme na bado alikula kutokana na kazi ya mkono wake, kama alivyotufundisha Mtume (s.a.w.). Imam Abu Hanifa alikuwa mfanyabiashara wa nguo mjini Kufa. Al-Khassaf, aliyefariki mwaka 261 Hijria na kutuachia kitabu maarufu juu ya hukumu za wakfu, alijipatia riziki kwa kushona viatu, na jina lake lenyewe ni la kazi hiyo. Nani atasema elimu ya watu hawa ilipotea?

Ama leo, kazi zipo, na wenye kuzihitaji ni sisi wenyewe. Hapa Uganda sheria ya mabenki ilirekebishwa mwaka 2016 ili kuruhusu benki za Kiislamu, na mwaka 2023 Salaam Bank ikapata leseni. Kenya walitangulia mwaka 2008, na Tanzania wakapata Amana Bank mwaka 2011. Sheria yetu inataka kila taasisi ya namna hiyo iwe na bodi ya ushauri wa sharia. Katika murabaha, benki lazima iimiliki bidhaa kwanza, ndipo imuuzie mteja. Nani atapekua karatasi aone kama iliimiliki kweli, au ni riba iliyovishwa kanzu? Mhasibu asiyejua fiqhi hawezi. Na mwenye fiqhi asiyeweza kusoma hesabu za benki naye hawezi.

Tuje kwenye mirathi. Ni koo ngapi zimefarakana kwa ajili ya kiwanja kimoja, kwa kuwa hakuna aliyekaa na warithi akawaeleza kuwa mke hupata 1/8 marehemu akiacha watoto, na mama hupata 1/6? Majirani zetu wa Kenya, kwa Katiba yao ya 2010, wana makadhi wanaoamua mambo ya ndoa, talaka na mirathi ndani ya mahakama za nchi. Msomi anayejua mirathi, akaijua na sheria ya ardhi, anaweza kuokoa ukoo usisambaratike. Hali kadhalika viwanda vya chakula na machinjio vinahitaji wakaguzi wa halali wanaoelewa jelatini imetoka kwa mnyama gani.

Watasema tunaigeuza elimu ya dini kuwa biashara. Tunawauliza: mhadhiri naye si hupokea mshahara kila mwezi? Mbona yeye haambiwi kuwa ameiuza dini?

Hatusemi vyuo vibaki bila walimu. Mwenye kipaji cha utafiti na akapata nafasi, naahadhiri, Allah ambariki. Tunachopinga ni kumfanya aliyekosa kiti hicho kuwa mtu aliyeshindwa.

Basi, enyi wazazi, acheni kumuuliza kijana amepata chuo gani. Muulizeni anamfaa nani kwa elimu yake. Enyi wakuu wa vyuo, mwanafunzi wa uzamili asitoke kwenu bila fani ya pili: uhasibu, sheria ya nchi, tafsiri au kompyuta, tena apelekwe kazini kwa mazoezi kabla ya kukabidhi tasnifu. Enyi viongozi wa misikiti, mnachangisha mamilioni kwa ajili ya mnara, lakini mtaalamu wa kusimamia mali ya wakfu mnataka afanye kazi kwa thawabu tu. Mlipeni.

Nawe mwanafunzi, usingoje shahada ndipo uanze kutafuta. Mwaka huu huu nenda kwa wakili, nenda benki, nenda kwenye ofisi ya wakfu, uulize wamekwama wapi. Huenda jibu la tatizo lao limo katika vitabu ulivyokwisha kuvisoma.

Wabillahi tawfiq.