Mizani Ikisimama, Usirudi Misri

Ndugu msomaji, na wewe mama unayengoja zamu yako kwenye benchi, neno hili ni la wale waliokwisha kuanza safari. Daktari alikuambia upunguze uzito kwa ajili ya ugonjwa wa sukari, au tansio, au magoti yanayouma. Ukatii. Ukapunguza bukari, ukaacha Fanta, ukaanza kutembea kwa miguu. Mwezi wa kwanza ulipungua kilo 3, mwezi wa pili kilo 2. Kisha mizani ikasimama. Juma la tatu, juma la nne, mshale uko pale pale. Hapo ndipo wengi wanapoacha njia.

Nasema wazi: mizani iliyosimama si ishara ya kushindwa. Kumbuka safari ya Waisraeli katika kitabu cha Hesabu, sura ya 9. Wingu likiinuka juu ya hema, watu walisafiri. Wingu likikaa, hata siku nyingi, walipiga kambi wakangoja. Waliokaa kambini hawakuwa wamerudi Misri. Nawe uliyepungua kilo 5 ukasimama, hujarudi ulikotoka.

Yafaa kujua kwa nini mizani husimama. Sababu ni tatu.

Ya kwanza ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga katika ini na misuli, na akiba hiyo hukaa pamoja na maji. Ulipopunguza chakula, akiba ilitumika na maji yakatoka. Ndiyo maana mwanzoni ulishuka upesi. Sasa yamebaki mafuta, nayo hutoka polepole.

Ya pili ni mwili wenyewe. Chungu kikubwa juu ya mbabula chahitaji makala mengi. Chungu kidogo chahitaji machache. Mtu wa kilo 90 hatumii nguvu nyingi kama alipokuwa na kilo 100. Tena, mwili hauujui mpango wa daktari. Wadhani njaa imeingia nchini. Hufanya kama mama mwenye busara aonapo gunia la unga linakaribia kwisha: hupima kidogo na kuweka akiba. Kwa hiyo njaa huzidi, na mwili hutumia nguvu kidogo.

Ya tatu ni mkono. Kipimo hurudi bila sisi kujua. Tonge laongezeka, mafuta ya ngazi katika sombe yanamiminwa tena bila kijiko. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori 120 hivi, na mafuta yana nguvu zaidi ya mara mbili ya unga wa uzito ule ule. Chupa ya santilita 30 ya kinywaji kitamu yaweza kuwa na vijiko vya chai 6 au 7 vya sukari.

Tusiwalaumu wazee wetu kwa kupenda bukari nyingi. Wengi walifanya kazi Union Minière, wakapewa posho ya unga wa mahindi, samaki, nyama na mafuta. Chakula kile kilikuwa cha mtu anayechimba na kubeba kutwa nzima. Mwaka 1967 kampuni ile ikawa mali ya serikali, na posho ya wazee ni habari ya kale. Lakini bukari ya mchimbaji imebaki mezani kwa mtu anayeketi dukani toka asubuhi hata jioni. Kwa sababu hiyo kazi yetu si ya miezi mitatu. Ni kubadili desturi ya nyumba, nayo desturi haibadiliki kwa mwezi.

Sasa, mizani ikisimama, wengine hukasirikia mwili na kuuadhibu. Huacha kula kutwa, kisha usiku hula mara mbili. Hunywa dawa za kuharisha. Hizo hutoa maji na chumvi ya mwili, hazitoi mafuta. Hununua vidonge vya kukondesha sokoni wasijue vimetengenezwa na nini. Wengine hutangaza mfungo wa siku tatu, na moyoni wanafunga kwa ajili ya mizani. Ndugu, mfungo ni wa Bwana. Usimtumie Mungu kama dawa ya kukondesha. Na wewe unayetumia dawa za sukari, ukifunga bila kumwuliza daktari, sukari ya damu yaweza kushuka mno ukazimia.

Basi fanya haya. Usile bukari katika sahani moja na wote. Pakua yako peke yake. Nusu ya sahani iwe mboga, kama lengalenga au matembele. Robo iwe bukari. Robo iwe maharagi au samaki. Pima mafuta kwa kijiko. Kunywa maji. Lala vya kutosha, kwa maana asiyelala huona njaa zaidi. Mtaa wetu waitwa Hewa Bora: basi itumie hewa hiyo, tembea kwa haraka dakika 30, siku 5 kwa juma, jua lisipokuwa kali.

Panda mizani mara moja tu kwa juma, asubuhi, mizani ile ile. Tena chukua kamba, izungushe kiunoni penye kitovu, tia fundo, uiweke. Baada ya mwezi zungusha tena. Mara nyingi mizani imesimama lakini kamba imelegea. Uliza pia tansio yako na sukari yako.

Mwaka 2002 waganga wa Marekani walitoa habari za uchunguzi wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata ugonjwa wa sukari. Kundi moja lilifundishwa kubadili chakula na kutembea dakika 150 kwa juma. Shabaha yao ilikuwa kupungua sehemu 7 tu katika 100, yaani kilo 7 kwa mtu wa kilo 100. Wagonjwa wapya katika kundi hilo walikuwa pungufu kwa asilimia 58 kuliko kundi lililopewa vidonge visivyo na dawa. Kilo zako 5 si kitu kidogo.

Neno la mwisho ni kwa kanisa. Mtu akipungua, twanong'ona: ana sida, amelogwa, mume wake hamlishi. Kwenye arusi na matanga twamjazia sahani, na akikataa twasema ana kiburi. Maneno haya huwarudisha wagonjwa Misri kuliko njaa yenyewe. Wamama wa kanisa, mnaopika kwa ajili ya wengi, wekeni maji mezani pamoja na vinywaji vitamu, na asiyetaka kuongezwa mwacheni kwa amani.

Nawe uliyesimama kwenye kilo zile zile, kaa kambini. Kesho pika kama ulivyopika leo, utembee kama ulivyotembea leo. Ikipita miezi miwili bila badiliko, njoo tuangalie sahani na dawa zako pamoja. Usikae nyumbani kwa aibu.