Kirusi Kianzie Kwenye Kiswahili

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mwenyeji atapona vipi ikiwa haelewi asemalo mgeni wake? Swali hili latuhusu sisi wa Tanga na Pangani, pamoja na ndugu zetu wa Pemba na Unguja, kwani miaka ya karibuni wageni kutoka Urusi wamefika kwa wingi visiwani. Vijana wetu hujifunza Kirusi kwa kudaka neno hapa na neno pale. Twawapongeza kwa bidii yao. Hata hivyo, maneno ya kudaka yatosha kuuzia dafu. Hayatoshi kusomea mkataba.

Wapo wanaodai kwamba lugha hiyo ni ngumu mno, tena haifikiki ila kwa kupitia Kiingereza. Hiyo ni kasumba.

Kirusi kina herufi 33. Mtoto wa pwani aliyeketi chuoni mbele ya mwalimu wake akajifunza alifu na be, kisha akaingia shule ya serikali akajifunza a, e, i, o, u, amekwisha kumudu hati mbili angali mdogo. Hati ya tatu haitamshinda. Yampasa tu kuwa na hadhari, kwa sababu baadhi ya herufi zina sura ya zetu lakini sauti nyingine: P ni r, C ni s, H ni n na B ni v. Hivyo neno PECTOPAH husomwa restoran, yaani mkahawa. Nayo X ni kh ya sheikh, sauti ambayo aliyesoma Kurani hahitaji kufundishwa tena.

Majina ya vitu katika Kirusi yamegawanyika katika jinsia tatu, na sifa hufuata jina lake. Sisi tusemao kitabu kizuri na mti mzuri tuna ngeli zaidi ya hizo. Ugumu wa kweli upo kwingine. Jina hubadili mwisho wake kwa namna sita kulingana na kazi yake katika sentensi. Tena mkazo, ambao kwetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwao huhamahama, hata moloko, yaani maziwa, likatamkwa malako. Hapo ndipo mwalimu anapohitajika.

Msamiati nao hautuachi wakiwa. Chai ni chai. Sanduku ni sunduk. Almasi ni almaz. Hazina ni kazna. Hata katika kuheshimiana, Mrusi huitwa kwa jina lake na la babaye, kama vile sisi tusemavyo Ali bin Salim.

Warusi wenyewe hawakungoja mkalimani wa Kiingereza. Mwaka 1961 ilichapishwa Moscow kamusi ya Kiswahili na Kirusi iliyohaririwa na Dmitri Olderogge. Ikiwa wao walitujia moja kwa moja, kwa nini sisi tupitie kwa jirani?

Walimu tunao. Baada ya Uhuru wa 1961 na Mapinduzi ya 1964, vijana wa Bara na Visiwani walikwenda kusoma katika Umoja wa Kisovieti, wengine katika Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa, kilichoanzishwa Moscow mwaka 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata. Kabla ya masomo ya fani zao walijifunza lugha kwanza. Umoja ule ulivunjika mwaka 1991, lakini lugha haikuvunjika nao. Wasomi wale sasa ni wazee waliostaafu, na kila tunapomzika mmoja wao tunazika na Kirusi chake.

Kwa hiyo twatoa wito kwa wakuu wa elimu na utalii, Bara na Zanzibar. Kitungwe kitabu cha mwanzo cha Kirusi kwa Kiswahili. Yafunguliwe madarasa ya jioni Tanga, Pangani, Wete na Unguja, na wazee hao waitwe kufundisha kwa posho ya haki. Kijana apataye nafasi ya masomo Urusi aijue hati yao kabla ya kupanda ndege.

Nanyi vijana, msingoje darasa lifunguliwe. Mwendeeni mzee mmoja mtaani kwenu, mpeni shikamoo, na mwombeni awaandikie herufi zile 33.