Adui Mmoja, Dawa Nne

Ndugu wasomaji, mwezi huu naacha kidogo habari za mbolea. Tuzungumze juu ya kifua kikuu.

Mkulima mmoja ninayemtembelea aliugua kifua kikuu. Alipewa dawa. Baada ya miezi 2 kikohozi kilikwisha, akapata nguvu. Mvua zilikuwa zimeanza. Akaacha dawa, akaenda kulima. Kabla ya mavuno alikohoa tena. Mahindi yake yalivunwa na majirani.

Kwa nini ugonjwa ulirudi? Ninyi mnaijua ndago. Ukiipalilia juu juu, shamba huonekana safi. Lakini mizizi imebaki chini. Baada ya siku chache inachipua. Vijidudu vya kifua kikuu ni hivyo hivyo. Vingi hufa upesi. Vingine hulala, navyo huchelewa kufa.

Na kwa nini dawa nyingi? Mwaka 1948 madaktari wa Uingereza walitangaza matokeo ya kujaribu sindano za streptomisini. Wagonjwa wengi walipata nafuu. Lakini kwa wengi vijidudu viliizoea dawa, ikashindwa kuviua. Ndipo ikajulikana kuwa dawa moja haitoshi. Kijidudu kinachoiponyoka dawa moja huuawa na nyingine.

Baadaye, hapa Afrika ya Mashariki, madaktari walilinganisha michanganyiko ya dawa. Matokeo yalitolewa mwaka 1972. Wagonjwa waliotibiwa miezi 6 kwa streptomisini na isoniazidi tu, wengi waliugua tena. Walioongezewa rifampisini, wachache tu waliugua tena.

Leo mgonjwa wa kawaida hupewa dawa 4 kwa miezi 2. Dawa hizo ni rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Mara nyingi zote zimo katika kidonge kimoja. Kisha huendelea na zile 2 za kwanza kwa miezi 4. Jumla ni miezi 6.

Usiruke siku. Usimgawie mwenzako. Mkojo ukiwa mwekundu usiogope, ni rangi ya rifampisini. Lakini macho yakigeuka manjano, au ukiona ukungu, rudi upesi kwa mganga wa kituo.

Ukikohoa wiki 2 au zaidi, nenda ukapimwe makohozi.

Ndugu, jirani anaweza kukupalilia shamba. Hawezi kukumezea dawa.