Tatizo si mguu, ni B500K

Jamani, acheni kutupa pedali za sauti! Mjomba wangu hupiga gita kanisani hapa Voi, na anapenda ule mtindo wa gita la stili la muziki wa kantri: unakanyaga pedali polepole kadiri noti inavyofifia. Yake ilikuwa inaruka. Kimya, kimya, halafu kelele! Fundi mmoja akamwambia, "Nunua nyingine."

Nikaifungua. Potenshiomita ya ndani imeandikwa B500K, na siku hizi B kwa kawaida ni ile ya mstari ulionyooka. Sikio halisikii hivyo. Pedali ikiwa nusu, sauti imeshuka desibeli 6 tu. Kushuka kote kunakobaki kumesongamana kwenye kisigino. Nikaweka A500K, ya logarithimu: nusu ni kama desibeli 20. Waya tatu, risasi kidogo, basi. (Wanaotaka mkato wa kuongeza rezista kwenye B: itawala makali ya gita.)

Na sisi waandika programu tusimcheke fundi. Kitelezi changu cha kwanza cha sauti kilikuwa na kosa hilohilo, na mhadhiri akanipa alama zote.